Bonge Hakojoi

Kama aibu ingekuwa inalimwa, Advera angekuwa tajiri wa mtaa mzima wa Isevya. Angevuna magunia, angekodi na behewa la kupelekea nyingine Dodoma. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu kuliko wasichana wote wa darasa lake, lakini urefu wenyewe hakuwahi kuutumia. Siku zote alikuwa ameukunja: mabega mbele, kichwa chini, macho kwenye vidole vya miguu. Akipita mbele ya watu waliokaa anajisikia kama anavusha kabati. Mwalimu akiuliza swali analolijua, mkono wake unapanda mpaka usawa wa sikio, halafu unajifanya ulikuwa unakwenda kukuna kichwa.

Kiumbe pekee aliyeongea naye bila kumeza mate alikuwa paka.

Paka dume, mweupe mwenye mabaka ya njano, jina lake Bonge, na jina halikumwonea. Bibi Gaudensia, mama mzaa baba yake Advera, ambaye ndiye alikuwa anakaa naye, alimwokota sokoni akiwa mdogo kama soksi iliyokunjwa, akamleta nyumbani akamate panya wa stoo ya mahindi. Bonge alikamata panya mmoja, akasifiwa, akaona sifa zimetosha, akastaafu. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kula dagaa wakavu wa Kigoma, kulala juu ya cherehani ya Bibi, na kumsikiliza Advera. Aliambiwa yote: nani kamcheka leo, jibu gani la hesabu alilijua akanyamaza, nani kamtazama mpaka akajikwaa mlangoni. Bonge anasikiliza macho nusu, kama padri kwenye kitubio, na siri haikutoka hata moja.

Basi Ijumaa moja Advera kurudi shule, Bonge hakuja mlangoni kudai dagaa.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye chungu ya mchanga uliobaki wakati wa kujenga ukuta. Kachuchumaa, mkia unatetemeka, anajikamua. Hakuna kilichotoka. Akasogea kidogo, akafukua upya, akachuchumaa tena. Hakuna. Akageuka kujilamba pale chini, akalamba, akalamba, halafu akalia sauti nzito ya tumboni ambayo Advera hakuwahi kuisikia kwake. Akachuchumaa tena, na safari hii likatoka tone moja dogo, lina wekundu.

Advera aliliangalia lile tone. Alikuwa mwoga, ila hakuwa mjinga. Baiolojia aliiweza sana, tatizo aliiweza kimya kimya. Akachukua simu ya Bibi, akatafuta, akapata video ya daktari wa wanyama anaeleza taratibu: paka dume akichuchumaa bila kutoa kitu, msikimbilie kusema kafunga choo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na kule mwisho kwenye ncha ndiyo inabana kabisa. Vichangachanga vinajitengeneza kwenye kibofu, vinateremka, vinaziba pale. Mkojo haupiti, uchafu wote unarudi kwenye damu. Apelekwe kwa daktari leo leo, maana mkisubiri mtakuja kuchimba shimo.

Ncha ya nini, yule daktari wa kwenye simu aliitaja wazi kabisa bila kupepesa jicho. Advera alipunguza sauti, akaangalia nyuma kama mwizi wa kuku.

Akaingia ndani. "Bibi, Bonge anaumwa."

"Kala panya mwenye sumu?" Bibi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Bonge? Panya?"

"Kweli, nimemsingizia. Mpeleke kwa mtani wangu kabla hajafunga duka."

Mtani mwenyewe alikuwa Dokta Mfaume, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa upande wa sokoni. Mzaramo wa Kisarawe huyo, na Bibi Gaudensia ni Mnyamwezi tangu kucha mpaka unywele. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wa Kinyamwezi walipokuwa wapagazi, wanabeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani. Walilala kwa Wazaramo njiani, waliuguzwa, wengine walizikwa huko huko, ukabaki utani. Mtani anakwambia lolote, popote, mbele ya yeyote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unachoruhusiwa ni kumrudishia.

Na walikuwa wanarudishiana. Bibi akienda kununua dawa ya kuku, Dokta anamwona toka mbali: "Wapagazi hao wanakuja! Tueni mizigo, shanga zenu zipo!"

Bibi naye hasubiri kufika. "Kelele, muuza mashamba! Umebakiza hata pa kuzikwa, au yote mmeyamalizia kwenye ngoma za mwali?"

Wateja wanacheka mpaka wanasahau kilichowaleta. Advera anakuwa nyuma ya Bibi, anaomba ardhi ipasuke. Dokta akimgeukia, "Na wewe mjukuu wa wapagazi, mdomo umeusahau nyumbani?" anajibu, "Shikamoo," na hapo ndiyo kamaliza maneno yake ya wiki.

Sasa leo alikuwa anakwenda bila Bibi, maana Bibi goti lilikuwa linamsumbua. Alimtia Bonge kwenye tenga la kuku, akafunga kwa kamba. Njia nzima alikuwa anajiambia: nitasema tu. Nitaingia, nitasema hakojoi, basi. Ni neno moja. Watoto wa chekechea wanalisema.

Akaingia. Ndani alikuwepo Mwalimu Ezekia, anayewafundisha hiyo hiyo baiolojia, halafu ni mzee wa kanisa la Moravian, kaja kununua chakula cha vifaranga. Na pembeni yake, kaegemea kaunta, Valentino wa kwaya. Tenori. Yule yule ambaye Bonge alikuwa anazijua habari zake zote.

"Mjukuu wa wapagazi!" Dokta alifurahi. "Leo umebeba nini? Pembe?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Kuku?"

"Paka."

"Kafanyaje?"

Advera alifungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likamwona Valentino, likarudi ndani.

"Anaumwa," alisema.

"Hilo nimelidhania, vinginevyo angekuja mwenyewe kununua chanjo. Anakula?"

"Hapana."

"Choo anapata?"

"Anachuchumaa tu. Hakitoki."

"Mkojo je, anakojoa?"

Mwalimu Ezekia aliacha kusoma mfuko wa chakula cha vifaranga. Valentino alichungulia tenga. Advera aliwaza haraka: nikisema hakojoi, Dokta atamtoa, atamlaza hapo juu ya kaunta, atainua mkia, ataitaja ile ncha kwa jina, Mwalimu atanigeukia aseme hii tulisoma kidato cha pili, na Valentino atakuwa anatazama. Sitaishi.

"Anakojoa," alisema.

"Vizuri?"

"Vizuri."

Hivi ndivyo mtu mwenye akili timamu, anayepata alama nzuri, alivyomhukumu kifo rafiki yake ili asitamke neno ambalo ng'ombe wote wa Tabora wanalitekeleza hadharani.

"Mtoe nimpapase tumbo," Dokta alisema, ananyoosha mkono.

Advera alilikumbatia tenga. "Anauma watu!"

Bonge, ambaye hajawahi kuuma hata huyo panya wake vizuri, alitoa kilio kidogo humo ndani.

Dokta alimtazama Advera, akatazama saa. "Haya. Kama mkojo unatoka, basi kwa leo mpe haya mafuta ya kulainisha choo. Lakini sijamshika, nisikudanganye. Asipopata nafuu nirudie. Kesho siko dukani, nipo kwenye josho Ntalikwa, nachanja ng'ombe."

Advera akapokea mafuta, akasema asante kwa sakafu, akatoka.

Mafuta Bonge aliyatapikia kwenye sare ya shule. Usiku ulipita vibaya, na asubuhi alikuwa kajikunja chini ya cherehani, hataki kuguswa. Bibi aliinama kwa shida, akaweka kiganja chini ya tumbo lake taratibu, akakitoa haraka.

"Huyu ana kitu kama limau humu ndani. Gumu. Dokta alisemaje juu ya mkojo?"

Advera alitazama vidole vya miguu. Vilikuwepo vyote.

"Advera. Ulimwambia kwamba hakojoi?"

"Nilimwambia... anakojoa."

Bibi alikaa chini. Bibi huyu alikuwa anamwita mjukuu wake mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na Bonge alikuwa ndiye mume wa nyumba.

"Kwa nini, mke mwenza?"

"Kulikuwa na watu."

"Kulikuwa na watu," Bibi alirudia. "Umemuua mume wetu kwa adabu."

Alipiga simu ya Dokta. Haipatikani, kule joshoni mtandao unakuja unapojisikia. Advera alishika mkono wa Bibi. "Twende wote, Bibi. Utamwambia wewe."

"Kwa goti hili? Nikifika Ntalikwa paka kaoza. Nenda wewe."

"Nitashindwa kusema."

"Basi kaa hapa umwangalie akifa. Mdomo wangu siuazimishi, una meno ya kuhesabu."

Akampa baiskeli. Wakalifunga tenga kwenye keria kwa mpira, juu wakafunika khanga asipigwe na jua, na Advera akaondoka.

Njiani alifanya mazoezi. Aliamua atatumia lugha ya kitabu, maana maneno ya kitabu hayana aibu, yamevaa tai. "Daktari, mgonjwa wangu ana changamoto katika mfumo wa utoaji taka mwili." Akapita mama mwenye ndoo ya nyanya, Advera akanyamaza mpaka apite. "Daktari, kuna uwezekano wa kizuizi." Hapana. Kizuizi ni cha polisi. "Daktari, jana kulitokea kutokuelewana." Hiyo ilikuwa nzuri, haikusema nani hakueleweka.

Alikuwa bado anaisifia alipoingia kwenye mchanga. Mchanga wa huku unaujua: unaonekana njia, kumbe ni unga. Tairi la mbele likazama, usukani ukageuka, Advera akaenda upande mmoja na baiskeli upande mwingine. Alivyoinuka alikimbilia tenga. Lilikuwa limeanguka ubavu, na Bonge humo ndani alikuwa ubavu vile vile, macho wazi.

Hakulia. Hicho ndicho kilichomtisha Advera. Paka ambaye ukifunga kabati kwa nguvu analalamika mpaka jioni, leo kaangushwa kwenye baiskeli, hakusema kitu. Alikuwa anahema tu, mdomo umeachama kidogo.

"Bonge. Bonge, baba, nitasema. Nakuapia."

Rimu ilikuwa imepinda. Aliiacha baiskeli kwenye nyumba ya karibu, akakunja khanga kuwa ngata, akalitwika tenga kichwani, akaanza kutembea kwa hatua ndefu. Kwa mara ya kwanza urefu wake ukawa na faida.

Josho aliliona kwa vumbi kabla ya kuliona lenyewe. Ng'ombe walikuwa wengi mpaka ardhi imebadilika rangi. Wafugaji wamesimama vikundi vikundi na fimbo, wanaume tupu, wote wanaongea kwa sauti ya kushindana na ng'ombe. Katikati ilikuwepo ile njia nyembamba ya miti wanapopitishwa ng'ombe mmoja mmoja, na juu ya ubao amesimama Dokta Mfaume, buti la mpira mpaka magotini, sindano ya chanjo mkononi, shati limebadilika kuwa ramani.

Advera alisimama kando. Akasubiri kuonwa. Hiyo ndiyo njia yake ya maisha: unasimama karibu na jambo, mtu mwema atatokea akuulize. Ng'ombe akachanjwa. Mwingine akachanjwa. Mtu mwema hakutokea.

Alisogea. Mzee mmoja mfupi, mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, akamzuia kwa fimbo.

"Mwangaluka, binti," alimwamkia kwa Kisukuma. "Foleni inaanzia kule." Huyo alikuwa Mzee Masanja, na kundi lililokuwa linapita lilikuwa lake. "Una ng'ombe wangapi?"

"Sina. Nina... nina paka."

"Paka!" Masanja aliwageukia wenzake. "Jamani, kuna mtu kaja kuchanja paka!"

Walicheka. Wanaume wote wale, pamoja. Advera alisikia masikio yanawaka, shingo inaanza kukunjika, kichwa kinataka kushuka. Lakini kilikuwa kimebeba tenga, na tenga likiinama Bonge anaanguka. Ikabidi kibaki juu. Hakuna aibu inayoweza kuendelea vizuri mtu akiwa kasimama wima hivyo.

Kelele zikamfanya Dokta ageuke. Alimwona, akapanua meno. "Wee! Mjukuu wa wapagazi! Leo kweli umebeba kichwani kama babu zako! Umekosea njia, Bagamoyo ni kule!"

Kicheko kikapanda tena. Advera alifungua mdomo atoe ile sentensi ya kitabu. Daktari, jana kulitokea. Haikuwepo. Shikamoo nayo haikuwepo. Humo ndani kulikuwa na hasira, na hofu, na yule paka asiyelia, na maneno ya Bibi ambayo ameyasikiliza tangu utotoni akiwa nyuma ya gauni lake. Yale ndiyo yaliyotoka.

"Kaa kimya, muuza mashamba!"

Josho zima likageuka. Hata ng'ombe mmoja alisita.

"Babu zangu wamebeba mpaka pwani," Advera aliendelea, na sauti ilikuwa kubwa mpaka akataka kugeuka aone ni ya nani, "wakawakuta babu zako wamekaa kibarazani wanasubiri kuletewa! Na wewe umekaa hapo juu ya ubao kama mwali! Shuka! Huyu paka hakojoi! Jana nilikudanganya, nikasema anakojoa, hakojoi tangu jana, kidudu chake kimeziba, kibofu kimekuwa limau, na nimekudanganya kwa sababu naona aibu, na nikiendelea kuona aibu anakufa, kwa hiyo shuka, Mzaramo, shuka umtie mrija kwenye hicho kidudu!"

Kicheko kikalipuka. Mtu alipiga fimbo chini kwa kucheka. Mzee Masanja alijishika kiuno. "Mama yangu! Na mimi nilidhani ni bubu!"

Dokta Mfaume pekee hakucheka. Alikuwa tayari ameshuka, anavua glavu za ng'ombe.

"Tangu jana saa ngapi?"

"Mchana. Labda na kabla."

"Katapika?"

"Mafuta yako yote."

"Siyo yangu, ni ya uongo wako. Lete."

"Dokta," Masanja alisema, "na ng'ombe wangu je?"

"Ng'ombe wako wakisubiri watakuwa wamechoka kusimama. Huyu akisubiri atakuwa amekufa. Fungua mlango wa gari."

Walimlaza Bonge nyuma ya gari, juu ya koti la Dokta. Alimgusa tumbo kwa vidole viwili tu. Mfugaji mmoja kijana akashauri, "Si umminye hapo, utoke?"

"Minya wewe, kipasuke, halafu ukamweleze bibi yake," Dokta alisema. "Njia ikiwa imeziba hakuna kuminya. Kwanza unafungua njia."

Akamchoma sindano ya usingizi, kidogo sana, akasubiri. Bonge alilegea. Akainua mkia, na Advera, ambaye jana alikuwa tayari paka afe ili asione jambo hili mbele ya watu wawili, alikuwa ameshika ule mkia mwenyewe mbele ya kijiji kizima.

"Shikilia hivyo hivyo. Angalia ncha, imekuwa ya zambarau. Unaona kile cheupe?"

"Kama chaki."

"Hicho ndicho kizibo."

Aliisugua ile ncha taratibu kwa vidole, kikatoka kipande kidogo kama punje ya chumvi. Halafu akachukua kile kimrija laini cha plastiki kinachofunika sindano ya dripu, akatoa sindano, akabaki na mrija. Akavuta maji ya dripu kwenye bomba la sindano, akaingiza mrija kidogo, akasukuma maji. Hayakwenda. Akavuta, akasukuma tena. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Wale wanaume waliokuwa wanacheka walikuwa wamezunguka gari, shingo zimerefuka.

"Ingia, bwana," Dokta alinong'ona. "Ingia, usinitie aibu mbele ya wapagazi."

Maji yalikwenda. Akatoa bomba, na mkojo ukaanza kurudi kupitia ule mrija, mwekundu mwekundu, mzito, kwanza matone, halafu ukawa unatiririka. Uliingia kwenye koti, ukashuka ukingoni mwa gari, ukamwagikia sketi ya Advera na miguu yake. Hakusogea. Alikuwa analia na kucheka, kamasi zinamtoka, hana mkono wa kujifutia.

"Hongera, mama," Masanja alisema kwa heshima kabisa. "Mumeo kakojoa."

Dokta hakumruhusu aondoke na Bonge siku ile. Alimshonea mrija mwingine laini ubaki ndani, akampa dripu na sindano ya maumivu, akasema atalala kwenye chumba cha nyuma ya duka.

"Mnamlisha nini?"

"Dagaa."

"Wakavu?"

"Na ugali kidogo. Wakati mwingine dagaa peke yao. Anavyotaka yeye."

"Maji?"

"Hanywi sana."

"Mnene, hatembei, anakula vikavu vyenye chumvi, maji hanywi. Huyo siyo paka, ni mkurugenzi." Dokta alitikisa kichwa. "Dagaa wapumzike. Mpe chakula chenye majimaji, samaki wa kuchemsha na mchuzi wake bila chumvi. Maji muweke sehemu mbalimbali, safi. Na mchezeshe, akimbie. Halafu nisikilize vizuri. Nikimtoa mrija Jumatatu, anaweza kuziba tena. Wengi wanaziba tena. Lazima akojoe mwenyewe, na lazima mtu aone kwa macho. Ikifika jioni hajakojoa, mnamrudisha usiku huo huo. Na ukinidanganya tena..."

"Sikudanganyi."

"Ukinidanganya tena, nakuoza kwa Mgogo."

Jumatatu baada ya shule alikwenda kumchukua. Bonge alikuwa amepungua, kanyolewa mguu mmoja pale palipoingia dripu, na amekasirikia dunia. Nyumbani Advera alimfungia chumbani, akamwekea beseni la mchanga, bakuli la maji mlangoni na lingine dirishani, na sahani ya mchuzi wa samaki. Akakaa chini, mgongo ukutani, macho kwenye beseni. Hakuwahi kutazama kitu kwa makini hivyo, hata mtihani.

Bonge alikunywa mchuzi. Akalala. Akaamka, akalinusa beseni, akaliona halina hadhi yake, akarudi kulala. Jua likahamia ukuta wa pili. Sebuleni walianza kuingia kina mama wa jumuiya, maana ilikuwa zamu ya Bibi kusaliwa kwake. Advera alisikia viti vinavutwa, shikamoo na marahaba, mtu anakohoa, kisha rozari ikaanza. Kati ya sebule na chumba kulikuwa na pazia tu.

Alianza kuwaza jinsi ya kumtia Bonge kwenye tenga kupita katikati ya kina mama wote wale. Alikuwa anahesabu magoti yao kichwani wakati Bonge alipoinuka, akapanda beseni, akafukua. Akachuchumaa.

Mkia ukatetemeka.

Advera alishika mdomo. Bonge alijikamua. Hakuna. Akasogea, akafukua tena, na Advera akasikia tumbo lake mwenyewe linabana, anamsaidia. Bonge akachuchumaa, akafumba macho yake nusu, na kukawa na sauti ndogo juu ya mchanga, sauti kama ya mvua ikianza kwenye majani. Ikaendelea. Ikaendelea. Mchanga ukabadilika rangi, doa likakua, likawa kama sahani.

"Amekojoa!"

Hakukusudia kulipita pazia. Alijikuta tu yuko sebuleni, mikono juu, urefu wake wote umenyooka, na kina mama wa jumuiya wamemkodolea macho, rozari mikononi, Salamu Maria imekatikia njiani.

"Amekojoa, Bibi! Mwenyewe! Bila mrija!"

Bibi Gaudensia alikuwa ameziba macho kwa kiganja, mabega yanatikisika. Mama Benedikta, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke ambaye hajawahi kuonekana akitabasamu wakati wa sala, alishusha miwani yake puani.

"Mwingi?" aliuliza.

"Beseni limelowa, Mama!"

"Wa rangi gani?"

"Njano! Safi!"

Mama Benedikta alifikiri kidogo, akapandisha miwani. "Bwana asifiwe," alisema. "Piga magoti na wewe, usitusimamie hapo kama mnara. Tulikuwa tumefika wapi?"

Advera akapiga magoti pale pale, mchanga wa paka kwenye viganja, akajibu Salamu Maria kwa sauti ya kusikika.